Taya la Papa Mbotela

Nyuma ya ukumbi wa jamii pale mtaa wa Mbotela, Nairobi, kuna chumba ambacho zamani kilitunza viti vya harusi na meza za mikutano. Siku hizi kinatunza bahari. Ukiingia kutoka kwenye jua la mchana macho huchukua muda kuzoea, na kitu cha kwanza kujitokeza ni taya la papa, limetundikwa kwa waya kwenye ukuta unaokabili mlango, limefunguka, meno yake yamejipanga safu nyuma ya safu. Wageni wengi husita hapo. Wengine hucheka ili isijulikane kwamba wamesita.

Baada ya taya, vitu vingine huja polepole. Vipande vya matumbawe. Samaki aitwaye bunju, amekaushwa akiwa amejifura, miiba imesimama pande zote. Kaa wa mikokoni aliyepoteza gando moja. Kiumbe chenye ncha tano ambacho watu wa pwani hukiita kiti cha pweza, jina ambalo mama yangu alilipenda tangu alipolisikia, kwa sababu, alisema, ni vizuri kujua kwamba hata huko chini mtu amewekewa mahali pa kukaa. Upande wa kulia ni mambo ya watu: boriti nyeusi kutoka nyumba iliyobomolewa, mbuzi ya kukunia nazi, taa ya gari moshi yenye kioo chekundu na kioo cha kijani. Katikati kuna benchi.

Ni makumbusho madogo, hayana hata bango barabarani. Wanaoyaendesha ni kina mama wa mtaa, kwa kujitolea, Jumamosi tu. Watoto wa Mbotela hukiita chumba cha bahari, na wengi wao hawajui bahari nyingine.

Yote yalianza na mwanamke tunayemwita mwenyekiti. Alizaliwa pwani, akaolewa na gadi wa gari moshi la mizigo, mtu wa magharibi kama wazazi wangu, akaja kuishi Mbotela akiwa kijana. Mumewe alishuka Mombasa na kupanda tena, wiki baada ya wiki, na kila aliporudi alimletea kitu cha kwao, akidhani kwamba hivyo ndivyo hamu ya nyumbani inavyotibiwa. Mwenyekiti husema haikutibika hata kidogo, nyumba ilijaa tu. Mume alipofariki na watoto wakataka kuvitupa vitu hivyo, alikwenda kwa kamati ya ukumbi akaomba ile stoo ya viti, na hakuondoka kwenye mkutano mpaka akaipata. Hadi leo kila mgeni lazima aambiwe jambo moja kabla ya kutoka: hivi vitu vilikuja zamani, siku hizi ukienda pwani usiokote, kombe, hata likiwa gamba tupu, liache pale ulipolikuta.

Kwa wanaojitolea ana sheria moja, na hana mzaha nayo. Hakuna anayeachiwa chumba peke yake, jambo tunaloliita kushika Jumamosi, mpaka aongoze wageni kuanzia kushoto mwa mlango, azunguke nao chumba chote, afike kwenye taa ya gari moshi, huku mwenyekiti ameketi kwenye benchi amenyamaza. Mwenyekiti akifungua mdomo hata mara moja, kwa kurekebisha au kuongezea, siku hiyo haihesabiki. Utarudia na wageni wengine. Mama yangu ni mmoja wa wanaojitolea, na wenzake walikuwa wamekwisha kupita, kila mmoja akawa na Jumamosi yake. Mama alikuwa bado, na mwaka huu aliamua kwamba atashika yake.

Ili uzito wa jambo hilo ueleweke, lazima niseme habari ya herufi B.

Kwetu magharibi, kwa watu wa rika la mama, herufi hubadilishana njiani. B hutoka kama P, G kama K, V kama F. Kabisa huwa kapisa. Baba huwa papa. Nairobi nzima inaujua utani huo, na wachekeshaji wa redio wamejilia mkate wao juu yake. Mama alikuwa tarishi katika ofisi za baraza la jiji. Alibeba faili kutoka mlango hadi mlango, akabisha, akaweka, akatoka, na kazi hiyo haikumtaka aseme mengi. Mahali pake pa kusema palikuwa kanisani, kwa sababu alisoma vizuri na sauti yake ilifika nyuma bila kipaza sauti. Halafu Jumapili moja alipewa somo ambalo baba alitajwa karibu kila mstari. Nilikuwa nimeketi naye benchi moja kabla hajaitwa. Nikaona vijana wa kwaya wakiinamisha vichwa, mabega yakitetemeka. Mama alisoma hadi mwisho, akafunga kitabu, akarudi kuketi. Hakuomba tena kusoma. Hakuna aliyemkataza. Alinyamaza mwenyewe, na kunyamaza huko kukadumu miaka.

Kwa hiyo aliponiambia, "Nataka kusimama pale mbele niseme kuanzia mwanzo mpaka mwisho," nilijua anataka nini.

Mimi nimepanga chumba Tassia, ghorofa za juu, lakini Jumamosi asubuhi huwa Mbotela. Nilimkuta jikoni akikata sukuma wiki na kuongoza wageni wasiokuwepo. Alikuwa ameyashika yote. Alijua bunju hujifura ili asimezeke. Alijua kwamba boriti ni mti wa mkoko na kwamba mchwa huchoka nao. Kilichomshinda kilikuwa mahali pengine. Miaka ya kusahihishwa ilikuwa imemfundisha kuiogopa P. Kila P iliyomjia mdomoni aliishuku, akaigeuza B kabla haijamwaibisha. Akawa anasema bweza. Akawa anasema bwani. Na siku ya mazoezi, mbele ya mwenyekiti mwenyewe, alifika chini ya lile taya, akanyoosha mkono kwa heshima, akasema:

"Na hili ni taya la baba."

Mwenyekiti alimtazama. "Baba yupi?"

"Huyu wa ukutani."

"Mwenzangu, baba mwenye meno haya yote, mkewe alikuwa akilala wapi?"

Kina mama wenzake walicheka wakashikana mabega. Mama naye alicheka, tena kwa sauti. Lakini tuliporudi nyumbani, tukiwa tumepita meza za nyanya na vitunguu na kufika karibu na mlango, alitoa ufunguo akanigeukia.

"Nikisema papa, wananicheka," akasema. "Nikisema baba, wananicheka. Sasa huyu samaki nimwite mjomba?"

"Mwite papa, mama. Hapa ulikuwa sawa tangu utotoni."

Alisimama akiwa na ufunguo mkononi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba ulimi wake ulikuwa sawa mahali fulani.

"Papa," akasema polepole, kama anaonja chumvi. "Basi sitamgeuza tena."

Wageni wa mtihani wake walikuwa kina mama wa kanisa moja la upande wa mtaa wa Baba Dogo, wengi wao wafanyakazi wa viwanda, wakiwa na siku yao ya kutembea. Waliingia chumbani na sketi zao za sare, na aliyewaongoza, mama mnene mwenye kilemba cha zambarau, alisalimia kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Bwana asifiwe."

"Amina," mama akajibu. "Karibuni. Mmetoka wapi?"

"Papa Dogo," akasema yule mama, bila wasiwasi wowote, kama watu wa nyumbani magharibi wanavyosema wakiwa peke yao.

Mwenyekiti aliketi kwenye benchi, akapanga leso magotini, akafumba midomo. Mimi nilisimama nyuma ya wageni. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani na amejifunga kitambaa kipya. Mikono aliishika mbele, kidole juu ya kidole, kama alivyokuwa akiishika alipobeba faili, lakini sauti ilitoka ile ya zamani, ile iliyofika nyuma.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Matumbawe waliyashangaa, hawakuamini kwamba ni kazi ya viumbe wadogo. Kiti cha pweza kilipokelewa kwa kicheko kidogo. Alipofika kwa bunju na kueleza kwamba samaki huyu hujijaza maji akitishwa, mama mmoja mwembamba akasogea kumtazama vizuri.

"Huyu ni bwana yangu," akasema. "Ukimuuliza tu jana alikuwa wapi."

"Na miiba pia anayo?" mama akamuuliza.

"Miiba ni mimi."

Kicheko kikajaa chumba, na mama akacheka nao, kisha akakikata kwa mkono mmoja kama mtu anayesimamisha gari, akaendelea na kaa. Niliona mwenyekiti akitikisa kichwa kwa kuridhika, midomo ikiwa imefungwa. Nilianza kupumua.

Wakafika chini ya ukuta wa kati.

"Na hili," mama akasema, bila haraka, "ni taya la papa."

Mama wa kilemba aliinua macho akaangalia meno, akamwangalia mama, akaangalia meno tena. Uso wake ukalainika kwa huruma.

"Pole sana, dada," akasema. "Ni papa yako?"

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Mama alikuwa amesema sawasawa, sawa kabisa, na mwenzake wa nyumbani akamsikia kwa masikio ya nyumbani. Alidhani mama anasema baba, kama wao wote wanavyosema baba. Na kabla mtu hajasema neno, mama mwingine akaongeza kutoka nyuma, kwa unyenyekevu:

"Wazee wa zamani walikuwa na meno."

Hapo wale wadogo kidogo, waliozaliwa Nairobi, wakaelewa, wakapasuka. Walicheka wakiinamisha vichwa, mabega yakitetemeka. Nilimwona mama akiyaona mabega hayo. Vidole vyake vikaachana. Mdomo wake ukafunguka ili aseme jambo.

Mwenyekiti hakusubiri.

"Papa ni samaki, jamani," akasema kutoka kwenye benchi. "Samaki mkubwa wa baharini. Mama amesema vizuri, masikio yenu ndiyo yana kasoro."

Kisha akaweka mkono mdomoni, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mama aligeuka. "Dada, umesema."

"Nimesema," mwenyekiti akakubali chini ya mkono.

Nilidhani mama atakatiza pale. Wageni nao walihisi kwamba kuna kitu kimevunjika, ingawa hawakujua ni nini, wakatazamana. Mama aliwageukia tena.

"Ameshawaambia," akasema. "Lakini mimi sijamaliza. Nyinyi mmetoka Papa Dogo. Huyu ni papa mkubwa. Hebu msogee, wadogo wamwamkie mkubwa."

Mama wa kilemba ndiye aliyeanza kucheka safari hii, akajipiga paja, akawasukuma wenzake wampishe. Alinyanyua mkono akagusa jino moja kwa ncha ya kidole.

"Shikamoo papa," akasema. "Watu wako wanakusalimia."

Mama aliwazungusha chumba chote. Aliwaonyesha mbuzi, na walipouliza miguu minne iko wapi, aliwaambia mbuzi wa pwani hufugwa jikoni na hula nazi tu. Aliwaambia wasiokote makombe. Aliwafikisha kwenye taa. Walimwombea pale pale, kwa sauti kubwa, wakaenda zao.

Mwenyekiti alisimama, akatoa ufunguo kwenye kifundo cha leso, akamnyooshea mama.

"Chukua Jumamosi yako."

Mama hakuinua mkono. "Ulifungua mdomo."

"Nilifungua kwa sababu walikuwa wakikucheka."

"Najua kwa nini ulifungua."

"Ningekuacha uaibike, mwenzangu? Mbele yangu?"

"Ungeniacha nijibu. Nilikuwa na jibu." Mama alisema bila hasira, lakini alisema kila neno. "Sheria ni yako, dada. Usiivunje kwa ajili yangu halafu siku moja mtu aseme mimi nilihurumiwa. Nitarudia."

Mwenyekiti alinitazama kama kwamba mimi ningeweza kumshawishi. Mimi ningeuchukua ule ufunguo. Ningeuchukua haraka, kabla mtu hajabadilisha nia. Nilimwambia hivyo mama tukiwa njiani. Alikuwa akitazama mbele, akisogeza midomo, na nikatambua kwamba ameshaanza upya kwenye matumbawe.

Wiki nzima ile nilikuwa Tassia na kazi yangu, na kila nilipompigia simu aliniuliza swali moja: kuna kikundi gani kinachokuja Jumamosi? Hakikuwepo. Shule zilikuwa zimefungwa, na kikundi cha vijana kilichoahidi kilituma ujumbe kwamba hakitafika. Nilimwambia angoje Jumamosi nyingine. Akasema mlango utafunguliwa, na aliyeingia kwa mlango ni mgeni.

Jumamosi ilipofika, mvua ilinyesha kama kwamba imetumwa. Niliingia chumbani viatu vikiwa na tope la kutoka Tassia mpaka Mbotela, nikamkuta mwenyekiti ameketi kwenye benchi lake, na mama amesimama kushoto mwa mlango, kitambaa kichwani, mikono mbele. Hakukuwa na mtu mwingine. Tulisikiliza mabati ya ukumbi. Mwenyekiti akafungua mdomo kusema jambo kuhusu mvua, mama akamwinulia kidole, naye akaufunga.

"Hakuna mgeni bado, mama," nikasema.

"Acha azoee kufunga mdomo."

Mvua yenyewe ndiyo iliyoleta wageni. Kwanza akaingia kijana mkubwa anayeuza viatu vya mitumba kando ya barabara, gunia begani, maji yakimtiririka kwenye nyusi. Nyuma yake akaja mama wa mayai ya kuchemsha na ndoo yake iliyofunikwa, kisha askari wa lango aliyekuwa akitoka zamu, na wengine wawili watatu ambao walikuwa wakipita tu. Hawakuja kwa ajili ya bahari. Walikuja kwa ajili ya paa. Mama hakujali tofauti hiyo.

"Karibuni," akasema. "Mmeingia baharini."

"Mathe," akasema muuza viatu, kama vijana wa mtaani wanavyowaita kina mama, akitua gunia, "mvua nje, bahari ndani. Sasa tutakauka lini?"

"Ukinyamaza utakauka haraka. Anzeni kushoto."

Wakacheka, lakini wakaanza kushoto. Mwenyekiti alichukua pembe ya leso yake akaiuma kabisa kwa meno. Mama akawapitisha kwenye matumbawe na kiti cha pweza. Mama wa mayai aliuliza kama pweza ana mfupa, na mama akasema hana hata mmoja, ndiyo maana anahitaji kiti. Muuza viatu alikuwa mtu wa maswali, na maswali yake yalikuwa na miiba kama bunju.

"Lakini mathe, niambie ukweli. Wewe bahari umewahi kuiona?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo tangu mwanzo. Mwenyekiti naye alilisikia, mabega yake yakapanda. Mama alijibu bila kumtazama.

"Sijaiona. Haya nasema nimeambiwa na huyo aliyeketi hapo. Yeye amezaliwa nayo."

Wote wakageuka kumtazama mwenyekiti na leso yake mdomoni.

"Mbona haongei?" muuza viatu akauliza. "Anaumwa jino?"

"Leo si zamu yake kuongea. Ni zamu yangu. Njoo umwone kaa."

Wakamwona kaa. Wakafika kwa taya. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza, na sikuwa peke yangu. Mwenyekiti alikuwa ameshika benchi kwa mikono yote miwili.

"Na hili ni taya la papa."

"La nani?" muuza viatu akauliza.

"La papa."

Kijana akatabasamu, tabasamu pana, la mtu aliyegundua kitu anachokifahamu. "Ah, mathe. Kumbe wewe ni wa ingo," akasema, maana hivyo ndivyo mtaani wanavyotuita watu wa magharibi. "Si papa, mathe. Ni baba. Sema na B. Ba-ba."

Alisema kwa upole, hivyo ndivyo watu wengi walivyomsahihisha maisha yake yote, kwa upole na mbele za watu. Askari alitabasamu. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Kwenye benchi mwenyekiti alikuwa amefumba macho, na leso ilikuwa imeingia nusu nzima mdomoni.

Mama alimgeukia kijana.

"Leta mkono," akasema.

"Wa nini?"

"Leta. Weka kiganja mbele ya mdomo, karibu. Hivyo. Sasa sema hilo neno lako."

"Baba," kijana akasema ndani ya kiganja.

"Kiganja kimepata nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa sema langu."

"Papa."

"Kimepata nini?"

Kijana alikunja uso. Akarudia, "Papa." Akakiangalia kiganja chake. "Kimepata upepo."

"Basi huyo mwenye upepo ni samaki," mama akasema. "Yule asiye na upepo ndiye aliyekuzaa. Usiwachanganye, mmoja wao ana meno."

Mama wa mayai alitua ndoo ili ajaribu. Askari akajaribu. Chumba kizima kikawa na watu waliosimama na viganja midomoni wakisema baba, papa, baba, papa, wakitazamana kama watoto waliofundishwa mchezo. Mimi nilijaribu pia. Katika miaka yote niliyokula na kulala na kuandika kwa lugha hii sikuwa nimewahi kuuhisi upepo huo. Jikoni mama hakuwa amefanya mazoezi ya kiganja. Sijui aliutoa wapi mchezo huo, au aliupata pale pale alipouhitaji. Muuza viatu akainamisha kichwa mbele ya taya.

"Sawa, mathe," akasema. "Hapo umenipiga."

"Sijakupiga. Twende kwenye boriti."

Tulikuwa kwenye boriti mvua ilipokatika. Iliisha ghafla, na ndani ya ukimya huo zikasikika honi za barabarani na maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Niliona macho ya watu yakihamia mlangoni. Wale wapita njia walitoka kwanza, wakisema asante kwa pupa. Muuza viatu akanyanyua gunia.

"Mathe, biashara," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba anasikitika kidogo.

"Nenda salama. Ukifika pwani usiokote makombe."

Mwenyekiti alimtazama mama, na macho yake yalisema yote ambayo mdomo haukuruhusiwa kusema: waite, waombe, bado mbuzi, bado taa. Mama hakumwita mtu. Hakuharakisha pia. Alimalizia boriti kwa sauti ile ile, kwa ukamilifu ule ule, kana kwamba chumba kimejaa. Mama wa mayai alibaki kwa ajili ya mbuzi, akaikalia, akaiga kukuna nazi, kisha naye akachukua ndoo yake akatoka. Akabaki askari peke yake. Alikuwa na usingizi wa zamu ya usiku machoni, na nadhani alibaki kwa sababu aliona haya kumwacha mama bila mgeni hata mmoja.

Mama akamfikisha kwenye taa.

"Hii ilikuwa ya gari la mizigo," akasema. "Gadi aliishika nyuma, kwenye behewa la mwisho. Nyekundu, simama. Kijani, twende."

Askari alichungulia kioo. "Kama zile taa za barabarani."

"Barabarani waliiga."

"Inawaka?"

"Haiwaki tena. Lakini ilimfikisha mwenyewe nyumbani kila safari. Na hapo ndipo mwisho wa chumba chetu. Asante kwa kuja."

Askari alishukuru, akamwamkia mwenyekiti kwa heshima, akatoka kwenye mwanga mweupe wa baada ya mvua. Mlango ukabaki wazi. Mama aliendelea kusimama kando ya taa, mikono mbele, na nikaona kwamba kitambaa chake kimelowa jasho ukingoni. Mwenyekiti hakusogea. Leso ilikuwa bado mdomoni.

"Nimemaliza, dada," mama akasema. "Sasa unaweza kusema."

Mwenyekiti aliitoa leso polepole, akaikunja, akainuka akishika goti. Alikwenda mpaka kwa mama akamwekea ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vya mama juu yake. Nilitegemea hotuba, maana alikuwa amejaa maneno ya karibu saa nzima. Alichukua mkoba wake.

"Dirisha la nyuma haliingii vizuri," akasema. "Lisukume juu kwanza, ndipo ulivute. Ukilivuta tu litakusumbua mpaka jioni."

Akatoka. Tulimsikia akimsalimia mtu uani, akimweleza habari za mvua.

Mama alikwenda nyuma papo hapo. Akalisukuma dirisha juu, akalivuta, likaingia. Akalitazama limefungwa. Kisha akalifungua tena, akarudi akasimama kushoto mwa mlango, kwa sababu ulikuwa bado mchana.